Bia ya kupika nyumbani yenye tunda: embe, pesheni au nanasi? Na tunda linaingia lini?

#1 Mzee wa Dumu
Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa wale wanaojipikia bia yao nyumbani, wazee wa gongo naomba mpite kimya kimya, hapa hatukeneki kitu na hatuuzi.

Iko hivi. Shemeji amerudi kutoka Uingereza kaniletea makopo mawili ya kimea cha shayiri, kile kizito kama asali, kila kopo kilo 1.7, na hopsi kidogo (yale maua ya kutia uchungu kwenye bia) na pakti mbili za hamira ya bia, moja imeandikwa US-05 nyingine imeandikwa Voss sijui ndo nini. Mi sio mgeni sana nimeshapika mara nne, bia yangu inanyweka, wageni wanamaliza glasi bila kubembelezwa. Sasa safari hii mama watoto kasema hizo chungu zangu zimemchosha, anataka ya tunda. Na mimi mwenyewe kuna siku nilionjeshwa ile ya Ubelgiji ya cheri, kriek, nyekundu afu chachu mpaka jicho linafumba lenyewe, tangu siku hiyo sijaisahau. Ila cheri Dar ntaitoa wapi.

Kwa hiyo nimebaki na haya: embe dodo (msimu wenyewe ndo huu, kwa jirani zinaoza chini), pesheni, au nanasi la Kiwangwa. Afu kuna swali la pili, niweke tunda lenyewe, au juisi ya boksi, au nidondoshe tu arki ile ya keki yaishe. Na la tatu, naweka wakati nachemsha, wakati inachacha, au mwishoni. Ndoo yangu ni ya lita 20. Naishi Mbezi, mchana chumba kinagonga digrii 31 feni ikiwa imewashwa. Waliowahi kujaribu leteni uzoefu, wa kubahatisha nao waseme tu kwamba wanabahatisha.

#2 Kiti Moto Original
Nimeshavuta kiti hapa mbele. Ikiiva tuite mkuu, sisi kazi yetu ni kuonja.

#3 Mbeba Boksi
Mkuu salama, mi niko Minneapolis huu mwaka wa sita napika, ngoja nikupe nilichojifunza kwa kuharibu maana nimeharibu ndoo nyingi kuliko nilizopatia.

Kabla hujachagua tunda chagua muda. Ukiweka tunda mwanzoni pamoja na hamira, ile gesi inayotoka siku tatu za kwanza inabeba harufu yote ya tunda inaondoka nayo, jikoni patanukia vizuri kweli kweli ila kwenye glasi hukuti kitu. Subiri bia ichache mpaka itulie, haidromita (kile kipimo kinachoelea kukuonyesha sukari iliyobaki) isome namba ile ile kila ukipima, ndo uweke tunda, liache wiki moja au mbili. Faida nyingine hapo tayari kuna kilevi asilimia nne tano na bia imeshakua chachu, kwa hiyo wadudu wachache waliokuja na tunda hawapati nafasi kama wangekuta maji matamu. Hiyo kriek unayoitaja ndo inavyopikwa, ile pombe yao ya Brussels na vijiji vya jirani inachachishwa kwanza kwa hamira ya hewani, baadae ndo cheri zinaingia kwenye pipa zinakaa humo miezi.

Vipimo ninavyotumia mimi: tunda lenye sauti ndogo kama embe weka gramu 200 hivi kwa kila lita, lenye kelele kama pesheni gramu 60 mpaka 70 zinatosha kabisa. Huku kuna rojo la tunda la kwenye kopo, limeshaivishwa halina mdudu, unafungua unamimina, kopo la kilo 1.4 hivi. Ni uvivu ila linafanya kazi. Kwenu huko na embe za bure ningekuwa mimi nisingefikiria hata kopo.

Arki hapana. Nimetumia mara moja, bia ilikua na ladha ya dawa ya mswaki.

Na kwa faida ya wanaoogopa sheria, huku inaruhusiwa, Rais Carter alisaini sheria yake 1978, mtu mzima mmoja galoni 100 kwa mwaka, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Alabama na Mississippi ndo walikua wa mwisho kukubali, 2013. Huko bongo sijui, ila usiuze.

#4 Jirani wa Thika Road
Niaje watu wa Dar. Mimi niko Nairobi na nimepika ya nanasi mara tatu, nanasi ya Thika haina mpinzani. Mimi hukata vipande, naweka kwa freza siku mbili, natoa ziyeyuke zinakuwa laini kabisa juu barafu imeshapasua nyama ya tunda, halafu hiyo yote na maji yake inaingia kwa ndoo. Kelele hakuna, kusaga hakuna. Shida yangu moja tu, povu. Unamimina inapanda vizuri, ukihesabu hadi kumi imeisha, glasi inakaa kama chai ya rangi. Sijui ni nini. Ladha lakini ni moto.

Hiyo US-05 yako mimi ndiyo hutumia, lakini huku usiku ni baridi. Hapo kwenu na digrii 31 itakupea kichwa kibaya asubuhi.

#5 Fundi Sufuria
Mnazunguka sana. Chemsha tunda pamoja na bia dakika 20 kama unapika jamu, vijidudu vyote vinakufa, mchezo kwisha. Bibi zetu walikua wanachemsha kila kitu na hawakua na haidromita.

#6 Binti wa Maabara
Mimi sinywi, tuwekane sawa mapema hahaha, ila nilisoma SUA, kile chuo cha kilimo Morogoro, mambo ya usindikaji na huu uzi umeniita.

Kaka wa Nairobi, povu lako limeliwa na nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelini, ndicho kile kinachowasha ulimi ukila nanasi jingi, na kazi yake ni kukatakata protini. Povu la bia limeshikiliwa na protini za shayiri, zikikatwa povu halina cha kushikilia. Papai nalo lina la kwake, papaini, ndo maana mama zetu wanaweka papai bichi kwenye nyama ngumu. Kugandisha hakuondoi kimeng'enya, kinalala tu kwenye baridi kikipata joto kinaamka. Dawa yake ni moto kidogo, weka nanasi kwenye bakuli, bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, lipate digrii 75 hivi kwa robo saa, lipoe, ndo uweke. Sio kuchemsha.

Na hapo ndo nampinga Fundi Sufuria. Ukichemsha tunda pektini inaachia, ndiyo hiyo hiyo inayogandisha jamu, bia inabaki na ukungu usioshuka. Harufu nayo inaondoka na mvuke. Ukitaka kuua wadudu digrii 70 na kitu inatosha huna haja ya kufika 100.

Juisi ya boksi: geuza boksi usome viambato. Ukiona E202 au E211, yaani sobeti au benzoeti, rudisha dukani, hizo zimewekwa makusudi kuzuia hamira isizaliane. Ukiona maji, sukari, halafu tunda limetajwa la tatu huko, hiyo nayo ni sukari umelipia bei ya tunda.

Pesheni mbegu usizisage kwenye blenda, zikipasuka zinatoa uchungu. Kwangua rojo na mbegu zake zikiwa nzima, mwisho utachuja.

#7 Fundi Sufuria
Ukungu unamdhuru nani? Unakunywa au unasomea gazeti?

#8 Binti wa Maabara
Mimi wala sinywi, chagua mwenyewe.

#9 Mangi wa Kibosho
Nimesoma mpaka hapa nashangaa hakuna aliyetaja mbege. Mnahangaika na Ubelgiji wakati bia ya tunda iko Kilimanjaro toka mababu. Ndizi ni tunda au sio tunda?

Kwetu tunda sio la kunukishia, tunda ndo sukari yenyewe. Ndizi zinaiva kabisa, zinamenywa, zinachemshwa kwenye pipa mpaka rangi inakua nyekundu nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zinachacha, zinachujwa. Pembeni kuna ulezi ulioloweshwa ukaota ukakaushwa ukasagwa, unapikwa uji, uji ukipoa unachanganywa na maji ya ndizi, kesho yake unakunywa. Uchungu unatoka kwenye gome la mti wa msesewe, hiyo ndo hopsi yetu. Ukizidisha msesewe hakuna mtu atamaliza kibuyu, nimeona msiba mmoja pombe ilibaki mapipa mawili kwa ajili hiyo, na msiba kubakiza mbege kwetu ni habari ya kuzungumzwa mwaka mzima.

Kwa hiyo Mzee wa Dumu weka ndizi. Iko Mabibo pale Mahakama ya Ndizi, bei chee.

#10 Omwana wa Bukoba
Mangi punguza sauti, ndizi mmeikuta kwetu. Lubisi hatuchemshi, ndizi mbivu zinakanyagwa na nyasi kwenye mtumbwi mpaka juisi inatoka, inatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa na majani ya mgomba, kesho asubuhi tayari. Hakuna pipa hakuna kuni. Nyie mnapika uji mnauita pombe.

#11 Mangi wa Kibosho
Na hiyo miguu inaoshwa na nani?

#12 Omwana wa Bukoba
Inaoshwa vizuri kuliko hilo pipa lenu la lami.

#13 Mzee wa Dumu
Hahahaa wakuu msinichafulie uzi. Mangi hoja yako nzito ila mbege haikai, siku ya tatu imeshakua siki, mi nataka kitu cha kufunga kwenye chupa kikae mwezi. Ndizi ntajaribu siku nyingine na ulezi wake.

#14 Mama Junior 88
Samahani naulizia, hii ya matunda haipofushi macho? Nilisikia matunda yakichacha yanatoa ile sumu.

#15 Binti wa Maabara
Swali zuri dada. Tunda likichacha linatoa methanoli kidogo sana kutokana na pektini, kwenye bia na mvinyo inakua imechanganyika na maji mengi na kilevi cha kawaida, haifiki kiwango cha kudhuru, hata juisi ya kawaida ya machungwa inayo chembe. Hatari ni mbili. Moja ni kukeneka bila ujuzi. Ya pili na ndo kubwa ni watu wabaya kuongezea methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali, ndicho kilichoua watu wengi Kenya 2014. Mtu aliyechachusha embe kwenye ndoo yake hana hiyo shida. Shida yake ni chupa kupasuka.

#16 Mbeba Boksi
Hapo kwenye chupa kupasuka msisitizie mara mbili.

Afu Mzee wa Dumu nimerudi kwenye posti yako nikaona Voss. Mkuu una dhahabu kwenye droo unaulizia mkaa. Hiyo ni kveik, hamira ya mashambani ya Norway, wazee wa kule walikua wanaikausha na kuitunza kwa ukoo. Hamira nyingi za bia zikipata joto lako zinatoa pombe nzito ambazo watu wanasema zinaumiza kichwa, na harufu ya gundi, hii yenyewe inataka 35 mpaka 40, hiyo 31 yako kwake ni kijibaridi. Na inatoa kaharufu ka ganda la chungwa ambako kanakaa vizuri na tunda. US-05 itunze kwenye friji, siku ukiitumia weka ndoo kwenye beseni la maji na chupa za maji yaliyoganda, badilisha asubuhi na jioni.

#17 Jirani wa Thika Road
Ata mimi sikujua hiyo ya bromelini. Miaka miwili nimekuwa nikilaumu sabuni ya kuosha glasi. Asante sister.

#18 Mzee wa Dumu
Wakuu nimeamua. Badala ya kubishana ntapika ndoo moja ya kawaida, ikitulia naigawa kwenye madumu manne yale ya maji ya lita 6, kila dumu lita 4 na nusu za bia. La kwanza embe, la pili pesheni, la tatu nanasi lililopitishwa kwenye moto kama alivyosema Binti wa Maabara, la nne siweki kitu. Mrejesho utakuja.

#19 Kiti Moto Original
Kiti bado nimekikalia.

#20 Mzee wa Dumu
MREJESHO. Samahanini kwa kimya, ni wiki tano zimepita na mengine nilikua nasafisha dari, mtaelewa mbele.

Kupika. Makopo yote mawili, hopsi nikazichemsha dakika 40 kwenye sufuria la pilau, nikajaza maji mpaka lita 20, haidromita ikasoma 1.050. Hamira ya Voss nikaiweka wort ikiwa bado ya uvuguvugu (wort ni yale maji matamu ya kimea kabla hayajawa bia, sijui kwa Kiswahili nyie mnaitaje, mi nyumbani naita togwa). Sina kile kidude cha kutolea gesi, natumia mpira wa dripu, upande mmoja kwenye mfuniko upande mwingine kwenye chupa ya maji. Baada ya saa sita chupa ilikua inabubujika kama mtoto anapuliza mrija kwenye soda. Siku ya nne 1.012, siku ya sita 1.012. Imetulia. Nikagawa.

Embe: kilo moja ya nyama tupu, nimemenya nikakata nikagandisha siku mbili. Pesheni: kama 18 hivi, nikapata gramu 300 za rojo na mbegu zake. Nanasi: gramu 800, bakuli juu ya maji ya moto robo saa.

Ajali ya kwanza. Embe ikaanza kuchacha tena usiku, rojo likapanda juu likaingia kwenye mpira likaziba. Asubuhi nakuta dumu limevimba limekua la mviringo kama mpira wa kikapu, na mimi badala ya kufikiria nikafungua mfuniko. Dari langu ni la jipsamu nyeupe. Lilikua jeupe. Kwa hiyo mkiweka tunda acheni nafasi ya kutosha juu na mpira uwe mnene, dripu ni nyembamba sana kwa embe.

Ajali ya pili ni uzembe wangu. Pesheni na embe niliziacha siku kumi nikapima mara mbili. Nanasi nilikua na haraka nikafunga siku ya nne bila kupima, nikajua kveik ina mbio itakua imemaliza. Nikaweka na sukari ya kuleta gesi, vijiko viwili vikubwa kwa dumu zima kama kawaida yangu, gramu 30 hivi. Nusu nikaweka chupa za soda za plastiki nusu chupa za bia za kioo. Siku ya tano saa nane usiku tukasikia paa, mama watoto akajua ni mwizi. Chupa mbili za kioo zimepasuka, ya tatu imepasuka nikiwa nimesimama mlangoni. Zile za plastiki ndo ziliniokoa maana ukiziminya unazijua, zilikua ngumu kama jiwe, nikalegeza vifuniko taratibu gesi ikatoka. Toka siku hiyo kila nikifunga naweka angalau chupa moja ya plastiki iwe kipimo, ikiwa ngumu kama soda ya dukani zote zinaingia kwenye friji.

Haya ladha sasa, wiki mbili baada ya kufunga.

Pesheni. Aisee. Unafungua tu chumba kizima kinajua. Chachu, nyepesi, rangi imeelekea chungwa kidogo, haina utamu wowote lakini ulimi unadanganyika unasema kuna utamu kwa sababu ya harufu. Jirani yangu mmoja ambaye ni mtu wa bia ya kiwandani tu kaomba ya pili.

Nanasi (zilizobaki). Nzuri, povu limekaa kweli, dada Binti wa Maabara nakuvulia kofia, ila kuna kaladha ka jamu kwa mbali, nadhani nilipitisha moto.

Embe. Nimehuzunika. Kilo nzima ya dodo, nimepoteza dari, na ukionja hukuti embe. Kuna kitu kama umetafuna ganda la embe, ka utomvu hivi, basi. Ukiambiwa unasema eeh ni embe, usipoambiwa hujui.

Sasa kichekesho. Lile dumu la nne lisilo na kitu, tulikua tunakunywa jumapili, mama watoto kachukua juisi ya embe ya kwenye friji aliyosaga mwenyewe, kamimina robo glasi, kajazia bia. Kanipa nionje. Ndo bia ya embe niliyokua naitafuta siku zote hizo.

#21 Binti wa Maabara
Pole na dari kaka. Hiyo ya embe inaeleweka. Embe dodo tunalipenda kwa sukari yake, kwenye kilo moja ya nyama kuna kama gramu 140 za sukari, na hamira inakula yote haibakishi. Uchachu wake ni mdogo na harufu yake ni laini, kwa hiyo sukari ikiondoka embe limebaki na nini? Pesheni kinyume chake, utambulisho wake ni uchachu na harufu, na vitu hivyo viwili hamira haivigusi. Kwenye glasi embe limeshinda kwa sababu sukari haijaliwa bado. Ila hiyo ya kuchanganya inywewe pale pale, msithubutu kuifunga kwenye chupa, mtarudi kule kule kwa mwizi wa saa nane.

#22 Mbeba Boksi
Na usione aibu kuchanganya kwenye glasi. Wajerumani hao hao wenye ile sheria ya Bavaria ya 1516 kwamba bia ni shayiri, hopsi na maji tu, Berlin wana bia yao chachu wanaitia sirapu ya rasiberi mezani na kunywa kwa mrija. Na huko kwao bia nusu limonedi nusu ni kinywaji cha mtu anayetoka kuendesha baiskeli. Mkeo kapita njia ya wakubwa.

Kuhusu kilevi, ile embe ilikupandishia kidogo tu, kutoka 5 mpaka 5.7 hivi, kwa sababu tunda linakuja na maji yake pia. Watu wanadhani ukiweka tunda bia inakua moto, sivyo.

#23 Fundi Sufuria
Nanasi limepitishwa kwenye moto na povu limekaa. Nasema tu.

#24 Binti wa Maabara
Moto wa robo saa kwa 75 sio kuchemsha kama jamu Fundi, na hata hivyo kapata ladha ya jamu. Nasema tu.

#25 Jirani wa Thika Road
Boss mimi wikendi hii najaribu pasheni. Swali, hizo 18 ulichuja lini, kabla ya chupa ama uliacha mbegu ziingie?

#26 Mzee wa Dumu
Nilichuja wakati wa kuhamisha, kitambaa cheupe cha pamba nimekichemsha kwanza, nimekifunga kwenye mdomo wa mpira. Mbegu nyingi zilishashuka chini zenyewe zimejipanga kama mchanga mweusi, vuta bia ya juu tu usiguse chini. Na usiminye kitambaa, mi niliminya mwishoni nikakuta chupa mbili za mwisho zina uchungu wenzake hawana.

#27 Mangi wa Kibosho
Nimeona ndizi haijajaribiwa. Nasubiri.

#28 Mzee wa Dumu
Mangi ndizi ni mwezi ujao, ulezi nimeshauloweka jana, nimeutandaza kwenye gunia nyuma ya nyumba, kuku wa jirani wameshaonja kabla yako. Msesewe ndo sina, ukija Dar niletee gome kidogo.

Pesheni zimebaki chupa tatu. Jirani kaja kuulizia bei, nimemwambia siuzi, kakaa tu barazani hajaondoka.

#29 Kiti Moto Original
Umesema Mbezi mkuu. Mbezi ipi, Beach au ile ya Luis? Naulizia tu.